Uliza Mchoraji: Kibonzo, mkataba na ukuta

Barua za toleo hili zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza juu ya kazi ya kuchora vibonzo pamoja na sanaa zinazokwenda nayo, kuanzia ukutani hadi kwenye turubai. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha kwa ombi la wenyewe.

Shikamooni wahariri. Nimemaliza kidato cha nne, naishi Ngarenaro. Sura za watu nazichora vizuri, hata majirani huniletea picha za wazee wao niwachoree. Nataka kuwa mchoraji wa vitabu vya katuni. Baba anasema bila chuo hakuna kazi. Nianzie wapi?

Marahaba, kijana. Mkono unao, na si haba. Lakini kunakili sura kutoka kwenye picha ni ujuzi mmoja, na kibonzo kinadai mwingine: mtu wako atambulike kuwa ni yule yule akiwa amekaa, anakimbia, amekasirika au amekupa mgongo, fremu baada ya fremu (fremu ni kisanduku kimoja cha picha), kwa kurasa ishirini, wala huna picha yake ya kuangalizia. Wachora sura wengi hukwama hapo, na wengine huacha kabisa wakidhani hawana kipaji.

Anza na karatasi ya mhusika. Mchore akiwa amesimama pande nne: mbele, robo tatu, ubavuni na mgongoni. Pembeni weka vichwa sita, kila kimoja na hisia yake. Pima urefu wake kwa vichwa: mtu mzima huwa kati ya vichwa 7 na 7 na nusu, mtoto wa darasa la kwanza karibu 6. Wachore wahusika wako wote kwenye mstari mmoja ili ujue nani anamfika nani begani. Karatasi hiyo ikae mbele yako hadi hadithi iishe. Bila hiyo, mhusika huanza kunenepa ukurasa wa tatu na kurefuka ukurasa wa saba.

Kisha chora hadithi ya kurasa 4 yenye mwanzo na mwisho. Tunasema 4 kwa makusudi, kwa sababu wanaoanza na hadithi ya kurasa 100 hawaimalizi, na hadithi isiyoisha haionyeshi kwa mhariri kama unaweza kufunga tukio. Weka fremu 5 au 6 kwa ukurasa. Chukua jambo unaloliona kila siku: konda na abiria wanagombana stendi ya Kilombero juu ya nauli ya mkungu wa ndizi. Fremu ya kwanza au ya pili ionyeshe mahali, tuone magari, vibanda na watu. Ukimaliza, ziba maneno yote kwa vipande vya karatasi, mpe mtu asiyeijua hadithi akusimulie anachokiona. Akikosea, tatizo huwa moja kati ya mawili: hukuonyesha mahali, au umewabadilisha watu upande. Konda aliyekuwa kushoto mwa abiria abaki kushoto mpaka aonekane akihama. Ukimhamisha kimyakimya, msomaji atadhani maneno ni ya mwingine.

Kuhusu chuo, baba yako ana hoja ya kweli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa, na TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, nayo. Huko utapata mwili wa binadamu, mwanga, historia na watu wa kukosoa kazi yako uso kwa uso, jambo ambalo ni gumu kulipata peke yako chumbani. Hata hivyo mhariri hataomba cheti kwanza. Ataomba kurasa 8 hadi 10 zinazofuatana za hadithi moja, na hapo picha thelathini nzuri za sura hazitakusaidia. Ufundi huu nchini kwetu umekua sana magazetini: Christian Gregory na Chakubanga wake katika Uhuru, James Gayo na Kingo, Gado aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kuingia Nation ya Nairobi mwaka 1992. Tafuta mikanda ya fremu tatu au nne ya wachoraji wa magazeti, uhesabu ni maneno mangapi wametumia na ni mistari mingapi wameiacha isichorwe. Hilo ni darasa la bure.

Habari za kazi. Binti yangu wa Pasua, Moshi, amechora kitabu kizima cha kurasa 14 kwenye karatasi za kawaida za kopi. Tumekipeleka kuchapwa, kikarudi mistari imefifia, wino umetambaa na maneno ya pembeni yamekatwa. Dukani wanasema kosa ni la picha. Ni kweli?

Mama, kwa sehemu kubwa ni kweli, ila yote yanarekebishika. Tuanzie mwisho wa safari, maana kila kipimo cha mchoraji hutegemea ukubwa wa kitabu kitakachoshikwa na msomaji.

Kwanza, kurasa 14 hazifungiki vizuri. Kitabu kinachobanwa pini katikati hutengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa, na kila karatasi moja hutoa kurasa 4. Kwa hiyo iwe 12, 16 au 20. Binti aongeze kurasa mbili: ya wahusika mwanzoni, na nyingine mwishoni. Kitabu cha A5 chenye kurasa 16 hutoka kwenye karatasi 4 tu za A4, na hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuanza.

Maneno yamekatwa kwa sababu mashine nyingi za ofisini haziwezi kuweka wino hadi ukingoni. Huacha milimita 4 au 5 tupu kila upande. Kisha kisu cha kukatia nacho husogea kidogo. Kanuni ni hii: mchoro unaotakiwa ufike ukingoni uvuke mstari wa kukata kwa milimita 3 kila upande. Ukurasa wa A5, ambao ni milimita 148 kwa 210, uandaliwe kwa 154 kwa 216, na uchapwe kwenye karatasi kubwa kisha ukatwe. Maneno na nyuso zikae angalau milimita 8 ndani ya mstari wa kukata, na upande wa pini ziongezwe hadi 12, kwa sababu mkunjo hula nafasi. Asipotaka picha zifike ukingoni, azungushie ukurasa fremu nyeupe na tatizo hilo litakuwa limekwisha.

Wino kutambaa ni kosa la karatasi. Karatasi ya kopi ya gramu 80 ina nyuzi zinazofyonza, na wino hufuata nyuzi hizo kama maji kwenye kitambaa. Aulize stesheneri karatasi ya kuchorea ya gramu 160 hadi 220 yenye uso laini. Manila nyeupe nayo hufaa kwa mazoezi, ila ajaribu pembeni kwanza, kwa sababu manila nyingine huota manyoya ukishafuta. Wino uwe mweusi usioyeyuka kwa maji. Jaribio lake ni rahisi: chora mstari, subiri dakika 10, pitisha kidole chenye maji. Kalamu ya risasi iwe HB au 2H, iguswe kwa wepesi, na raba isiguse ukurasa mpaka wino ukauke kabisa. Bolpeni ya kawaida aiache. Huacha mfereji kwenye karatasi na vidonge vya wino kwenye kona.

Achore kwenye A4 kwa ajili ya A5, au A3 kwa ajili ya A4. Uwiano ni ule ule, na picha hupungua hadi asilimia 71 hivi. Mikwaruzo ya mkono hupungua nayo, ndiyo maana wachoraji hupenda kuchora kikubwa. Ila mstari nao hukonda: kalamu ya milimita 0.1 itabaki 0.07, na mashine ya kawaida huukatakata mstari huo. Kalamu ndogo kabisa iwe 0.3. Kwa mtaro wa watu, yaani mstari unaozunguka umbo, atumie 0.5 na 0.8.

Mistari kufifia ni suala la kuingiza picha kwenye kompyuta. Tunahisi kurasa zilipigwa picha kwa simu. Simu hukamata kivuli cha mkono, pembe hupinda, na weusi hugeuka kijivu. Mashine ikiona kijivu hutawanya vitone badala ya kuvuta mstari. Skani kwa dpi 600 (vitone kwa inchi) kwa michoro ya wino mtupu, dpi 300 ikiwa ya rangi. Kisha rekebisha mwanga hadi karatasi iwe nyeupe kabisa na wino mweusi kabisa. Faili ihifadhiwe kama TIFF, PNG au PDF. Ikipitia WhatsApp itumwe kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha hubanwa na kuota uchafu kandokando ya mistari.

Na kabla ya kulipia nakala zote, mama, dai nakala moja ya majaribio, ikunjwe na kubanwa pini mbele yenu. Isomeni yote. Duka linalokataa kutoa nakala ya majaribio, liache.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kiboriloni. Naandika hadithi, kijana mmoja ananichorea. Kila mara maneno yangu hayaenei kwenye viputo vya mazungumzo, anaishia kupunguza herufi mpaka watoto hawasomi. Nani apunguze?

Mwalimu, upunguze wewe, naye abadilishe mpangilio wake. Kiputo kimoja kisizidi maneno 20, na ukurasa mzima usizidi 100 kwa wasomaji wa umri huo. Maneno yetu ni marefu. “Hawakunifahamisha” peke yake hujaza mstari mzima, na ndani ya kiputo cha duara huacha matundu juu na chini. Viputo vya Kiswahili viwe vipana kuliko virefu. Neno likilazimika kukatwa, likatwe baada ya irabu, kamwe si katikati ya silabi: hawakuni-fahamisha, si hawakun-ifahamisha. Ng' isitenganishwe na irabu yake. Tena akague fonti aliyopakua, kwa sababu nyingine hazina alama ya ritifaa, na ng'ombe hutoka na kisanduku katikati.

Kosa kubwa zaidi ni kuchora kwanza na kutafuta pa kuandika baadaye. Maneno yaandikwe kwa penseli kwenye fremu tupu, mtaro wa kiputo uzungushwe kuyafuata, ndipo watu wachorwe katika nafasi inayobaki. Anayesema kwanza akae kushoto na kiputo chake kiwe juu. Mkia wa kiputo uelekee mdomoni, uishie nusu ya njia. Herufi kubwa kwenye kitabu kilichokwisha kuchapwa ziwe na kimo cha milimita 3. Kwa kijana anayechora A3 kwa ajili ya A4, hiyo ni milimita 4.2 kwenye karatasi yake.

Ninunue tableti ya kuchorea au niendelee na karatasi? Nina laptopu ya RAM ya GB 4. (Sakina, Arusha)

Kama bado hujamaliza hadithi moja ya kurasa 8 kwa mkono, fedha hiyo nunua karatasi na wino. Ukiwa tayari, tableti isiyo na kioo inatosha, yenye eneo la kuchorea la upana wa sentimita 20 hadi 25. Ndogo zaidi hukulazimisha kuchora kwa kifundo cha mkono badala ya bega, na mistari mirefu hutoka imekatika. Programu ya Krita ni ya bure na inatosha kwa kitabu kizima.

RAM yako ndiyo itakayokubana. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 una pikseli 2480 kwa 3508, na kila tabaka (layer) la mchoro lililojaa rangi hula karibu MB 35 za kumbukumbu. Kwa dpi 600 ni karibu MB 139. Fanya kazi ya rangi kwa dpi 300, unganisha matabaka uliyokwisha kuyamaliza, funga kivinjari. Washa hifadhi ya kila dakika chache, umeme wetu unaujua, na kila jioni nakili kurasa kwenye flashi isiyolala kwenye begi moja na laptopu.

Shirika moja hapa Arusha limeniomba nichore kijitabu cha afya, kurasa 16 za rangi. Wameniuliza bei, na mkataba wao unasema “haki zote zitakuwa za shirika”. Sijui niseme kiasi gani, naogopa kuwapoteza. (Dada wa Njiro)

Dada, usitaje bei kabla ya kuhesabu saa. Ukurasa wa rangi kwa mtu mmoja mwenye uzoefu huchukua kama saa 12: mpangilio na penseli saa 4, wino saa 4, rangi na herufi saa 4. Hizo ni siku mbili za kazi safi. Kurasa 16 ni siku 32. Ongeza siku 4 za kubuni wahusika, 2 za kwenda kuangalia mazingira na 4 za marekebisho. Jumla siku 42. Tuseme siku yako ni shilingi 40,000: hiyo ni 1,680,000. Vifaa, bando na nauli tuseme 150,000. Unafika 1,830,000, na hapo bado hujauza haki yoyote zaidi ya kijitabu kimoja. Weka namba zako badala ya zetu, lakini hesabu iwe hii. Anayetaja “laki tatu” kwa kukisia hugundua ukurasa wa sita kwamba anafanya kazi kwa hasara.

Sasa “haki zote”. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mchoro wako unalindwa tangu unapoumbika, usajili si sharti, na ulinzi huo hudumu maisha yako na miaka 50 baada yako. Ukisaini sentensi ile, shirika linaweza kuwapeleka wahusika wako nchi nyingine, kuwatia kwenye fulana, mabango na filamu ya katuni, na wewe usiulizwe. Mara nyingi mashirika hayana nia mbaya. Sentensi imenakiliwa kutoka mkataba wa mshauri. Andika barua ya heshima upendekeze hivi: kijitabu kwa Kiswahili, kwa matumizi ya Tanzania, karatasi na mtandaoni, kwa miaka 3, idadi ya nakala itajwe. Lugha nyingine au matumizi mengine yalipiwe upya. Wakisisitiza kununua yote, ni haki yao kuomba, nawe ni haki yako kupandisha. Sisi tusingekubali chini ya mara mbili ya bei ya kwanza. Katika hali zote jina lako lichapwe ndani ya kijitabu, na karatasi halisi zibaki kwako. Zinauzika.

Mambo mengine ya kuandika: malipo ya asilimia 40 kabla ya penseli (kwa mfano wetu 732,000), 30 penseli zikipitishwa, na 30 kabla ya kukabidhi faili za kuchapia. Marekebisho mara mbili wakati wa penseli, mara moja wakati wa rangi. Kubadili hadithi baada ya penseli kupitishwa ni kazi mpya yenye bei mpya. Wakisitisha, hatua iliyoanza hulipwa. Watakuomba TIN, yaani namba ya mlipakodi, na huenda wakakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti chake, kwa sababu fedha hiyo huhesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii, na kazi zenye wahusika wako mwenyewe zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Siku ya mgogoro, cheti cha COSOTA ni ushahidi mzito kuliko tarehe ya faili.

Tena omba penseli zipelekwe kwa wasomaji wenyewe kabla ya wino. Mbu aliyechorwa ukurasa mzima anaweza kusomwa kama mdudu mwingine kabisa. Mweke juu ya mkono wa mtu, ukubwa ueleweke. Mkono uliokatwa na fremu huonekana kwa wengine kama mkono uliokatika. Alama ya X juu ya picha si kila mtu huisoma kuwa ni katazo. Mabadiliko hayo kwenye penseli ni ya saa moja, kwenye rangi ni ya siku nzima.

Watalii hununua picha zangu za turubai pale Moshi, lakini zinafika kwao zimepasuka. Naziviringisha vizuri tu, rangi ikiwa ndani isichafuke.

Hapo ndipo kosa lilipo. Rangi iwe nje, ili ivutike kidogo badala ya kubanwa na kujikunja mikunyanzi. Tumia bomba la kipenyo cha sentimita 10 au zaidi. Rangi ya akriliki ikae siku kadhaa baada ya kukauka, kwa sababu kwenye joto la gari hunata; weka juu yake karatasi laini isiyoshika, wala si gazeti, kwa kuwa gazeti huacha maandishi. Na tunakusihi, usiache picha za turubai ziwe nakala za jirani. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa mbao na rangi za baiskeli, na wateja wake walinunua jicho lake. Wahusika wa vibonzo vyako wanaweza kuingia kwenye turubai, fulana na ukuta, na kila mahali wakakutangazia pengine.

Nimepata kazi ya kuchora ukuta wa mgahawa, mita 6 kwa 3, lipu ni mpya. Ukuta wangu wa mwisho ulibanduka ndani ya miezi michache. Nifanyeje? (Majengo, Moshi)

Lipu mpya ina maji na chokaa kali ya saruji. Rangi ikiwahi, unyevu huisukuma kutoka nyuma na ukali ule huila. Subiri siku 28 tangu lipu kumalizika, na zaidi wakati wa masika. Kisha pima: bandika nailoni safi ya nusu mita kwa nusu mita kwa utepe wa gundi pande zote nne, uiache saa 24. Ukikuta matone ndani, ngoja. Ukiona unga mweupe, hiyo ni chumvi. Isugue kwa brashi kavu wala usiioshe, kwa sababu maji huirudisha ndani. Unga huo ukirudi kila wiki, kuna bomba linalovuja au maji ya ardhini, na mwenye mgahawa amwite fundi kabla yako.

Paka rangi ya awali inayostahimili ukali wa saruji, halafu rangi ya maji ya nje. Usianze na rangi ya mafuta kwenye saruji changa. Eneo lako ni mita za mraba 18. Kwenye lipu ya kukwaruza lita moja hufunika kama mita za mraba 8, kwa hiyo mikono miwili ya rangi ya chini ni lita 4 na nusu, nunua 5. Chora mchoro mdogo wa sentimita 60 kwa 30, ugawe kwa miraba ya sentimita 5. Ukutani kila mraba unakuwa sentimita 50, nao watakuwa 12 kwa 6, yaani 72. Mistari ivutwe kwa kamba yenye chaki nyeupe au ya kijivu. Chaki nyekundu na ya buluu hupenya hadi kwenye rangi ya mwisho.

Sentimita 40 za chini ziwe na rangi nzito ya udongo, kwa sababu mvua hurusha matope hapo, na nyuso za watu zisishuke huko. Nyekundu na njano za bei ya chini hufifia kwa jua la upande wa magharibi. Zile za asili ya udongo, kahawia na njano iliyoiva, hudumu. Changanya rangi ya kila eneo kubwa mara moja kwenye ndoo moja, na ubakize robo lita kwenye kopo lililoandikwa jina, kwa ajili ya viraka vya mwaka ujao. Kwenye mkataba tenga bei ya jukwaa na bei ya kuchora, na iandikwe nani anatengeneza lipu ikipasuka.